Jina Langu Juu ya Kaburi Lako

Mama,

Jina langu limeandikwa juu ya kaburi lako, na mimi ni mzima. Nalisema hili kabla ya salamu, maana nikianza na salamu nitalia na sitaki kulia, nataka kusema. Msalaba ni mweusi, herufi ni nyeupe: MAMA MASIKA, PUMZIKA KWA AMANI. Basi. Hakuna jina lingine. Asiyetujua atadhani hapo wamelala wawili, mama na Masika wake. Juzi jirani mmoja aliyetoka kuzika mtu wa kwao alikuja hadi mlangoni, akanishika mkono, akaniangalia usoni, akasema, "Kumbe uko," kisha akaenda zake.

Nina hasira nawe, Mama. Najua marehemu hasemwi vibaya. Lakini mimi sikusemi kwa watu, nakuambia wewe mwenyewe. Si ulitufundisha kwamba mwenye neno na mtu amwendee, asimzunguke nyuma ya nyumba? Haya, nimekuja.

Kwanza nikupe habari. Siku uliyokufa mji ulikuwa bado unanuka baruti. Wale waliotoka milimani walikwisha kuingia, na wale waliokuwa wakitulinda walikwisha kukimbia, magwanda yao yametupwa barabarani kama maganda ya ndizi. Wewe hukupigwa risasi. Tension, presha yako ile, ilipanda, vidonge vilikuwa vimeisha, pharmacie zote za mtaa wetu wa Katoyi zimefunga milango kwa kuogopa waporaji, ukageukia ukutani ukaacha kunijibu. Watu wakija kwenye matanga wananiuliza, "Bombe?" Nikisema hapana, ni tension, wanainamisha macho, kana kwamba kulikuwa na kifo cha maana na wewe ukachagua cha ovyo.

Muhindo hakufika. Yuko Butembo, na kati ya Butembo na Goma kuna mstari wa vita ambao hata nzi hauvuki bila kuulizwa anatoka wapi. Alikuzika kwa simu. Niliishika simu juu ya shimo, wachimbaji wanavunja mawe kwa mtalimbo, kwa maana hapa kwetu hata kuzika ni kupigana na lava, na mdogo wangu akawa analia ndani ya kiganja changu. Sikujua nimpoze vipi. Betri ikaisha.

Aliyesimamia mambo ni papa mudogo Kasereka. Papa angekuwa hai ningemwachia yeye ugomvi huu, lakini Papa alikutangulia, na mdogo wake ndiye mkubwa aliyebaki. Mimi nilikuwa na tumbo la mwezi wa mwisho, nikaambiwa nikae kwenye kiti na nisisimame. Nikiwa kitini hapo nikamsikia anamwagiza fundi wa msalaba. Nikamwambia mama alikuwa na jina lake. Akaniinamia, akasema polepole, kama anayemnyamazisha mgonjwa:

"Masika, tulia. Ile jina iko na mashida. Leo kuko hawa, kesho watarudia wale. Unataka wakuje kuvunja kaburi ya mama yako?"

Asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo ni ya watu walioenda safari, sikujua inafanya kazi hata kwa waliolala humo humo ndani, kwenye sanduku, hatua chache kutoka kwenye kiti changu. Na ngoja, haijaisha. Siku iliyofuata alikuja kijana mmoja wa hawa watawala wapya, ana buti safi na adabu nyingi. Sijui nani alimnong'oneza jina lako la kuzaliwa. Akaketi, akavua kofia, akasema, "Huyu mama alikuwa dada yetu." Alisema kama mtu aliyekuja kuchukua mzigo wake depot. Mmoja alikukataa kwa sababu ya jina, mwingine akataka kukubeba kwa sababu ya jina hilo hilo, na ulipougua hakuna kati yao aliyekuletea hata kidonge kimoja.

Hao nina hasira nao, lakini hasira yao ni nyepesi. Nzito ni yako.

Unajua nilivyolichukia jina langu. Masika, binti wa kwanza. Kwa watu wa Papa, Wanande, jina halichaguliwi, unazaliwa unakuta limekungoja kama zamu kwenye bomba la maji. Papa alikuwa Kambale kwa sababu alikuwa mvulana wa pili, mdogo wake ni Kasereka kwa sababu alikuwa wa tatu, na Muhindo ni Muhindo kwa sababu nilitangulia mimi msichana, akaja yeye kugeuza. Darasani tulikuwa Masika wanne. Mwalimu akiita tunasimama wote, darasa linacheka. Nikarudi nyumbani nikakulilia kwamba nataka jina la upande wako, jina linalosema kitu. Mwenzangu alikuwa Uwimana, wa Mungu. Mwingine alikuwa Uwamahoro, wa amani. Ulikuwa unachagua maharagwe kwenye ungo, hukuinua hata kichwa. "Yako inasema: uko wa kwanza. Inatosha."

Nikakuuliza, na lako, Nzamwitakuze, linasema nini?

"Ni jina tu."

Ni jina tu! Mama, wewe uliyeweza kutaja kila aina ya haragwe la Rutshuru, hili linaiva upesi, hili linapasua tumbo, hili ni la wageni, ulishindwa kumwambia mtoto wako maana ya jina lako? Kwa watu wenu hakuna kitu kinachoitwa jina tu. Jina kwenu ni maneno kamili. Ni shukrani, ni malalamiko, ni tusi linalorushwa juu ya ua kwa jirani mwenye mdomo mrefu, na mtoto anatumwa kulibeba maisha yake yote. Lakini mimi ningejuaje? Hukutufundisha lugha yako. Ulituimbia kwa Kiswahili, ukatuchapa kwa Kiswahili, ukasali kwa Kiswahili. Wateja wa kwenu wakija wakikusemesha Kinyarwanda ulijibu kwa Kiswahili huku unapima maharagwe. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, na mshindo wa kimya chako umenipata mimi.

Sababu naijua. Usidhani sijui. Nilikuwa nimeanza shule ya secondaire, tunatoka Rutshuru juu ya lori la magunia, na vita vya wakati ule vilikuwa na vijana wao, kila kilima na kizuizi chake. Walitushusha. Yule mwenye kofia ya sufi akakuuliza jina.

"Mi niko Mama Masika."

"Siulize ya mutoto. Ile ya kuzaliwa."

"Mama Masika."

Akakusogelea. Uso wako, Mama, uso niliokuwa nikiambiwa sokoni kuwa tunafanana, ukawa kama ubao. Akanigeukia mimi. "Na weye, unaitwa nani?" Nikasema Masika. "Masika wa wapi?" Nikataja kijiji cha Papa, nikamsalimia kwa Kinande, salamu ambazo Papa alitulazimisha kujifunza. Yule kijana akatabasamu. Alikuwa na dada yake, Masika pia. Akatufungulia kamba ya kizuizi. Juu ya lori ulinishika mkono mpaka tukafika Goma.

Tangu siku hiyo ulihamia ndani ya jina langu kabisa. Kanisani Mama Masika, sokoni Mama Masika, hospitali Mama Masika. Kila mama wa hapa huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, ndiyo, ni heshima. Lakini wenzako waliitwa hivyo na bado walikuwa na lao nyumbani, wadogo zao waliwaita, waume zao waliwaita. Wewe ulikaa ndani ya langu kama mkimbizi ndani ya darasa, na mimi sikukufukuza. Wala sijutii. Kama jina langu lilikukinga, lilifanya kazi nzuri kuliko kazi zote nilizowahi kufanya mimi mwenyewe. Lakini vita vya lori lile vilipita, vikaja vingine, na vingine, na mimi nikakua nikawa mtu mzima unayeweza kumwambia siri. Hukuniambia. Na mimba ilipoonekana, tunaambua maharagwe mabichi mlangoni, ukanigonga goti kwa ganda ukasema:

"Usimupatie mutoto jina yangu. Unasikia? Ile jina haina mwisho."

Nikacheka. Nilidhani ni woga wa siku zote. Nikakuahidi, kwa sababu ilikuwa rahisi kuahidi jambo nisilolielewa.

Aliyenieleza ni mdogo wako, mama mudogo Espérance. Alishuka kutoka Rutshuru kwa moto, pikipiki ya kukodi, magoti yamejaa vumbi, akafika umekwisha kuzikwa. Alipelekwa kaburini. Aliporudi hakuenda kwa wanawake wenzake jikoni, alikuja moja kwa moja kwenye kiti changu. Akaniuliza kwa nini wameandika jina la mtu aliye hai. Nikamwambia hilo lingine lina mashida. Akasema, "Mashida? Mutoto wangu, unajua ata maana yake?"

Nikasema sijui. Nilikuwa na haya, Mama. Mwanamke mzima mwenye tumbo, sijui jina la mama yangu linasema nini.

Basi akaniambia. Kwamba kabla yako mama yenu alizika watoto, mmoja baada ya mwingine, wote wakiwa wamekwisha kupewa majina mazuri. Kwamba ulipozaliwa wewe, siku ya nane, waliwaita watoto wa kilimani kama desturi inavyotaka, wakawapa vijembe walime kidogo kwa mchezo, wakawalisha maharagwe na viazi, kisha kila mtoto akataja jina la kumpa mtoto mchanga. Ni zamu ya watoto kwanza, halafu baba ndiye anayefunga kwa jina lake. Watoto wakataja yao, wakanyamaza wamsikilize baba. Na baba yako, kwa kuogopa kwamba Kifo kinasikiliza nje ya ua, akasema, "Nzamwita akuze." Nitamwita akikua.

Hilo ndilo jina lako. Ahadi. Nitamwita akikua. Walikuita hivyo mpaka likakauka, likawa jina.

Ukabatizwa Agnès. Hilo nalo sikuwahi kulisikia. Lakini uliingia shule wakati Zaïre imekataza majina ya kizungu, mwalimu akalifuta Agnès ubaoni, ukabaki na lile moja tu, na watoto wa darasa, waliokuwa wanaielewa lugha, wakawa wanakuuliza kila asubuhi: Sasa utaitwa lini? Ukikua? Mbona umekua? Nilipolisikia hilo nilikumbuka darasa langu na Masika wanne, nikaona aibu ya kulia kwangu mbele ya ungo wako. Kisha hasira ikarudi. Ungeniambia siku ile ile! Ningeacha kulia.

Na ulikua. Ukaja kuposwa. Baba yako alikuwa amekuwekea jina, mama mudogo anasema alilitunza miaka yote bila kumtajia mtu, hata mkewe, kwamba atalisema siku ya kukutoa nyumbani, mbele ya watu, uondoke ukiwa na jina lako kamili. Lakini aliyekuja kukuoa alikuwa Kambale, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Butembo, mtu wa lugha nyingine. Mzee akakataa. Ukaondoka hata hivyo. Akakuambia mlangoni kwamba basi, jina analirudisha ndani.

Huyo mzee nina hasira naye pia, usidhani nimempita. Jina ni la mtoto. Ukishamwambia mtoto kwamba jina lake lipo, halafu ukalifungia sandukuni kwa sababu ya mume, umemwibia. Mama mudogo hakupenda niliposema hivyo, lakini nilisema.

Halafu akaniambia la mwisho, na hapo ndipo mimi na wewe tulipogombana, ingawa wewe ulikuwa tayari chini ya mawe.

Mwaka volkano iliposhuka mjini, nyumba yetu ya kwanza ilimezwa. Mimi nakumbuka vizuri. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tukarudi upesi kama watu wote, tukakuta mahali pa kitanda changu pana jiwe jeusi linalotoa moshi. Ulikuwa unachemsha maharagwe juu ya lava yenyewe, kwa sababu ilikuwa bado na moto wa bure. Akaja mzee mmoja mwenye fimbo, miguu imevimba, ametembea kutoka juu. Nilidhani ni mwombaji. Alisimama mbele yako, akasema maneno machache kwa lugha yenu. Ukamjibu maneno machache zaidi, ukaninyoshea kidole mimi. Akaniangalia kwa muda mrefu. Ukampa sahani ya maharagwe, ukanituma maji. Niliporudi na bidoni alikuwa ameondoka, na sahani ilikuwa tupu, na wewe ulikuwa unaisugua kwa majivu kwa nguvu kama inakudai.

Sasa najua alichosema. Alisema, "Nimekuja kukupa jina." Alisikia Goma imeungua, akashuka kwa miguu akitafuta mtoto wake, akiwa na jina mdomoni. Na wewe ulisema, "Nimeshaitwa. Muulize huyu mtoto, ni Mama Masika." Akala, akarudi Rutshuru, akamsimulia mama mudogo hayo, na kabla msimu haujaisha akafa. Jina lenyewe hakumtajia mtu. Mama mudogo alimwuliza hata kwenye kitanda cha mwisho. Alitikisa kichwa. Jina ni la mwenyewe, akasema, na mwenyewe amelikataa.

Mama! Kwa nini? Ungemwacha aseme! Ungelikataa baada ya kulisikia! Ungelisikia ukalitupa ziwani, ungelisikia ukamcheka, lakini ungelisikia, na leo mama mudogo angenitajia, na mimi ningelipeleka kwa fundi, na ningekuwa na kitu cha kumpa huyu. Kiburi kilikushika mkono. Nakijua kiburi hicho, ninacho, nimekipata kwako. Lakini ulipomnyoshea kidole mtoto na kusema muulize huyu, hukufikiri kwamba huyu naye siku moja ataulizwa, na hatakuwa na jibu?

Na ameulizwa. Nilizaa majuma mawili baada ya matanga. Msichana. Ana paji lako la uso, limekunjwa tangu alipotoka, kama ameshasikia habari zetu. Muuguzi akauliza aitwe nani. Mume wangu Bahati akaniangalia mimi, maana alikuwa amesema tangu mwanzo, wewe ndiye umefiwa, wewe chagua. Papa mudogo Kasereka akapiga simu: binti wa kwanza, hakuna la kufikiri, ni Masika. Kijana mwenye buti safi naye akatuma salamu na pendekezo lake, sikulisikiliza. Siku ya nane ikafika, ikapita. Watu wakamwita Bébé. Kila nililolifikiria niliona kizuizi cha barabarani na kijana mwenye kofia ya sufi anauliza. Hili watamkataa hawa, hili watamkataa wale. Basi muuguzi alipopita nyumbani kuuliza tena, nikajibu kwa hasira, "Tutamwita baadaye. Akikua kidogo."

Mama mudogo Espérance alikuwa anafua nepi. Aliinuka na maji yakimtiririka viwikoni, akaniangalia. Jina lako lilikuwa limetoka mdomoni mwangu, lile lisilo na mwisho, lile ulilonikataza, na nilikuwa nimeanza kumvalisha mwanangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nikamwambia weka maharagwe.

Tuliwaita watoto wa avenue yetu yote. Ardhi ya Katoyi hailimiki, ni jiwe tupu, kwa hiyo tuliwapa vijiko wakakwaruza mavumbi kwenye mitaro ya jikoni, wakafurahi zaidi ya wanaolima kweli. Wakala. Wakaulizwa mtoto aitwe nani. Mmoja akasema Furaha. Mwingine Neema. Mwingine akasema Volcan, akapigwa kofi la kichwa na dada yake. Wengine wakasema Président, Biscuit, Dolari. Bahati alicheka mpaka akatoka nje. Na mimi nilicheka, Mama, mara ya kwanza tangu uniache, na kucheka kwenyewe kukamwamsha mtoto, akaanza kulia kile kilio chake cha mtu aliyedhulumiwa.

Mama mudogo akamchukua. Akamweka begani akasema, "Ihorere, ihorere." Nyamaza, nyamaza. Nikamgeukia, kwa sababu neno hilo nalijua. Hilo moja hukuweza kulificha. Ulifanikiwa kila mahali, kwenye kizuizi, kanisani, sokoni, lakini mtoto akilia, bila kuangalia ni wa nani, wa kwako au wa mteja, lilikutoka: ihorere, ihorere. Nilidhani ni sauti tu, kama watu wanavyofukuza kuku. Nikamwuliza mama mudogo, mtu anayemtuliza mtoto mpaka akanyamaza, kwa lugha yenu anaitwaje?

"Muhoza," akasema. "Iko jina ya watu."

Nikasimama mbele ya watoto wenye midomo ya maharagwe, nikasema huyu ni Muhoza. Sikungoja. Wakapiga makofi wakaomba waongezewe.

Nakusikia. Unasema nimemtia mtoto hatarini, nimempa jina la upande wako katika mji huu, wakati huu. Papa mudogo amesema hivyo hivyo, amekata simu. Nisikilize sasa, kwa kuwa huwezi kunikata. Jina halijawahi kumuua mtu, Mama. Watu ndio wanaoua, halafu wanalisingizia jina. Yule kijana wa kamba angepata sababu nyingine, pua, kitambaa, gunia la maharagwe. Nitamfundisha huyu Kinande cha babu yake na Kinyarwanda cha bibi yake, mama mudogo amekubali kukaa, na mimi nitajifunza naye, nikiwa na umri huu, kama mtoto anayeanza maternelle. Akiulizwa yeye ni nani ajibu kwa lugha yoyote anayotaka. Na maana ya jina lake ataijua kabla hajajua kutembea.

Jina lako sikumpa. Nimeshika neno langu. Lakini kuna jambo moja hukunikataza, kwa sababu hukulifikiria.

Kwa kawaida mjukuu ndiye anayerithi jina la bibi, anakuwa homonyme wake. Wewe utarithi kutoka kwa mjukuu. Baba yako alisema atakuita ukikua. Ulikua, Mama. Ulizaa, ulizika, ulichemsha maharagwe juu ya moto wa volkano, ulizeeka, ulikufa, na deni hilo halikulipwa na yeye wala hukumruhusu alilipe. Nalilipa mimi, binti yako wa kwanza. Watoto walikula, watoto walisema, na mimi nimefunga. Sijui lile alilokuwa nalo mzee lilikuwa zuri kiasi gani. Hili ndilo lililopo.

Jumamosi nitakwenda na mkebe wa rangi. Sitamtuma fundi. Bahati atamshika mtoto, mama mudogo ataniandikia herufi kwenye karatasi nisikosee, na nitalifuta Masika juu ya kaburi lako, kwa sababu Masika bado ana kazi duniani. Papa mudogo amesema nikifanya hivyo hatakanyaga pale tena. Asikanyage. Wakija kulivunja, hawa au wale, nitaandika upya, na rangi ikiisha nitachonga, mawe si yamejaa? Hiyo ndiyo ahadi yangu, na hii siiahirishi mpaka mtu akue.

Mtoto hamwiti mzazi wake kwa jina. Ulinichapa kwa kosa hilo nikiwa mdogo, nilipomwita Papa Kambale mbele ya wageni. Nakuita mara hii moja, ili ujue kwamba umeitwa, halafu narudi kwenye Mama mpaka siku zangu ziishe. Hasira yangu bado ipo, ipo nzima, nitakuja nayo kila nikija. Lakini lala sasa. Ihorere.

Kwaheri, Muhoza.

Masika wako